Ngitili za Shinyanga: Jamii za Mimea na Sababu za Mpangilio Wake

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza maana ya jamii ya mimea na kutaja vitu vinavyoiunda;
(b) kufafanua kwa nini uoto hubadilika kutoka kileleni mwa kilima hadi bondeni;
(c) kueleza mfuatano wa uoto kwa kutumia mfano wa ngitili;
(d) kupima uoto kwa kwadrati na kukokotoa matokeo;
(e) kujadili mambo yanayotishia ngitili na namna ya kuzilinda.

1. Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu uoto wa Mkoa wa Shinyanga, mara nyingi huandika hivi: "Uoto wa Shinyanga ni nyasi na miti ya miiba kwa sababu mvua ni chache." Sentensi hiyo si ya uongo, lakini haiwezi kukupa alama zote, kwa kuwa inaacha maswali mawili bila majibu.

Chukulia kwamba unaishi katika kata ya Samuye, Wilaya ya Shinyanga. Mvua inayonyesha juu ya kilima ndiyo inayonyesha bondeni, lakini miti ya kilimani si ile ya bondeni. Hilo ni swali la kwanza. La pili: kuna maeneo mawili yanayopakana, yenye udongo mmoja na mvua moja. Moja lina nyasi ndefu na miti, jingine ni ardhi tupu yenye makorongo. Mvua chache haiwezi kueleza tofauti hiyo.

Mada hii inajibu maswali hayo mawili kwa mfano wa ngitili. Ngitili ni neno la Kisukuma. Ni eneo la nyasi, vichaka na miti linalofungwa wakati wa masika ili mifugo isiingie, kisha likafunguliwa kiangazi kikali malisho yanapokwisha kwingine. Wasukuma walikuwa na desturi hii muda mrefu kabla ya miradi ya serikali. Utakapoielewa ngitili, utakuwa umeelewa pia jamii ya mimea, mfuatano wa uoto na uhifadhi wa ardhi.

2. Jamii ya mimea ni nini?

Jamii ya mimea ni kundi la mimea ya aina mbalimbali inayoishi mahali pamoja, chini ya hali zinazofanana, ikigombania na kugawana mwanga, maji na virutubisho. Haitambuliwi kwa mmea mmoja. Ukisema "hapa pana mgunga" umetaja mmea. Ukisema "hapa pana migunga mifupi iliyotawanyika juu ya nyasi za kudumu kwenye mfinyanzi mweusi" umetaja jamii.

Vitu vitano huunda jamii ya mimea. Vikariri, kwa sababu vitakusaidia katika swali lolote la uoto:

(i) Hali ya hewa. Sehemu kubwa ya Shinyanga hupata mvua ya takribani milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, katika msimu mmoja unaoanza karibu na Novemba na kuisha Aprili au Mei. Mara nyingi mvua hukatika kwa muda katikati ya msimu. Miezi iliyobaki ni kiangazi.
(ii) Udongo na umbo la ardhi.
(iii) Moto.
(iv) Wanyama, wa kufugwa na wa porini.
(v) Binadamu.

Cha kwanza hakibadiliki ukishuka kilima kimoja. Cha pili hubadilika kila baada ya hatua mia kadhaa. Ndiyo maana tunaanza na mteremko.

3. Kushuka mteremko: swali la kwanza

Mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliona katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hujipanga kwa utaratibu unaojirudia kutoka kileleni hadi bondeni. Aliuita utaratibu huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Kila pete ya mnyororo ina udongo wake, na kila udongo una jamii yake ya mimea. Wakulima wa Kisukuma nao walikwishaupa kila udongo jina lake, na majina hayo yanatumika hadi leo.

Tushuke sasa mteremko wa kawaida wa Usukuma.

(a) Kilima cha mawe. Juu kuna majabali ya graniti. Udongo ni mwembamba, umejificha katika nyufa za mawe. Hapa huota mikuyu inayopenyeza mizizi kati ya majabali, pamoja na miti ya jamii ya Commiphora, ambayo huhifadhi maji katika shina na kupukutisha majani mara mvua ikiisha.

(b) Chini ya kilima. Mvua huosha chembe za graniti na kuzilaza chini ya majabali. Hapo hupatikana udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni. Maji hupenya upesi na mizizi hushuka kwa urahisi. Jamii yake ya asili ni msitu wa wazi wa miti ya majani mapana, kama mlama (Combretum molle) na Terminalia sericea, juu ya nyasi ndefu za Hyparrhenia. Kwa kuwa luseni hulimika kwa jembe la mkono bila taabu, msitu huu ndio uliokatwa mwanzo ili kupata mashamba.

(c) Katikati ya mteremko. Hapa kuna udongo unaoitwa itogolo. Juu ni mchanga, lakini chini yake kuna tabaka gumu ambalo maji na mizizi hupenya kwa shida. Masika maji husimama juu, kiangazi udongo hukauka kama sakafu. Miti mirefu haistawi. Utaona mipingo (Dalbergia melanoxylon), Lannea humilis na vichaka vyenye miiba. Mifugo ikikanyaga sana hapa, udongo wa juu huondoka na kuacha vipara vya ardhi ngumu.

(d) Bondeni. Hapa ndipo penye mbuga. Angalia: katika Usukuma neno mbuga lina maana ya uwanda wa udongo mweusi wa mfinyanzi, si hifadhi ya wanyama. Mfinyanzi huu huvimba ukilowa na hupasuka nyufa pana ukikauka. Kuvimba na kupasuka huko hukata mizizi ya miche, na maji yanayotuama masika huinyima mizizi hewa. Ndiyo maana miti ni michache na nyasi ndizo zinazotawala, zikiwemo Themeda triandra na Pennisetum mezianum. Mti unaovumilia hali hiyo ni mgunga mfupi uitwao Acacia drepanolobium. Baadhi ya miiba yake huvimba chini na kufanya kinundu chenye uwazi ndani. Sisimizi huishi humo, na mnyama akija kula majani hutoka na kumng'ata. Mti hutoa makazi na chakula, sisimizi hutoa ulinzi. Huo ni mfano mzuri wa kutegemeana. Upepo ukipita kwenye matundu ya vinundu hivyo husikika kama mluzi.

(e) Kingo za mito. Udongo ni mzito wa mashapo na maji yapo karibu. Hapa huota migunga mirefu: Acacia tortilis yenye umbo la mwavuli na Acacia polyacantha. Kwenye vichuguu vya mchwa, ambavyo huinuka juu ya maji yanayotuama, mara nyingi utakuta mkwaju.

Zingatia: vitabu vipya huweza kuandika Vachellia au Senegalia mahali pa Acacia. Wataalamu wa mimea waligawa kundi hilo la zamani. Majina yote mawili yanataja miti ileile.

Jibu la swali la kwanza ni hili: mvua ikiwa moja, mteremko hugawa maji na udongo kwa viwango tofauti, na kila kiwango huwa na jamii yake ya mimea.

Ukienda magharibi mambo hubadilika kwa sababu nyingine. Kuelekea Kahama, Bukombe na Geita mvua huongezeka, na unaingia katika misitu ya miombo, yenye mtundu (Brachystegia spiciformis), Julbernardia globiflora na mninga. Hapo ni hali ya hewa iliyobadilika. Katika jibu lako tenganisha tofauti inayoletwa na mteremko ndani ya kilometa moja na ile inayoletwa na mvua kwa mwendo wa mamia ya kilometa.

4. Jinsi miti ilivyotoweka

Mnamo miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilihangaika na mbung'o, anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton. Mbung'o huhitaji kivuli cha miti na vichaka, kila aina na kivuli chake. Kwa hiyo mtaalamu wa mimea wa idara hiyo, B.D. Burtt, alichunguza jamii za mimea moja baada ya nyingine. Lengo lilikuwa kujua ni jamii ipi ikifyekwa mbung'o atakosa makazi, ili kusiwe na haja ya kufyeka nchi nzima. Swynnerton na Burtt walifariki pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kazi ya Burtt kuhusu jamii za mimea za Afrika Mashariki ilichapishwa mwaka 1942, na bado inasomwa na wataalamu.

Elimu ya kwanza ya kisayansi kuhusu jamii za mimea za Shinyanga ilikusanywa, basi, ili kujua wapi pa kufyeka. Ufyekaji ulifungua ardhi kwa makazi na mifugo, nao ukafuatwa na sababu nyingine, kila moja ikiongeza uzito juu ya iliyotangulia:

(i) Mashamba ya pamba yaliongezeka, na luseni ikalimwa kila mwaka bila kupumzishwa.
(ii) Watu na ng'ombe waliongezeka juu ya eneo lilelile.
(iii) Kuni na mkaa vilihitajika vijijini na mijini.
(iv) Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 kaya nyingi zilihamishwa kwenye vijiji vipya. Ngitili zilibaki mbali na wenyewe, na kitu kisicho na mlinzi hakikawii kuliwa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 inakadiriwa zilibaki takribani hekta 600 tu za ngitili katika mkoa mzima. Wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na mahali pengi kinyesi cha ng'ombe kikachomwa jikoni badala ya kurudishwa shambani. Mkoa ukapewa jina la jangwa la Tanzania.

5. Mfuatano wa uoto: swali la pili

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kwa kifupi kama HASHI, kwa msaada wa Norwe na ushirikiano wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Ulidumu hadi mwaka 2004. Mwanzoni mkazo uliwekwa kwenye kugawa miche ya kupandwa. Baadaye ilionekana kwamba njia yenye matokeo makubwa zaidi ilikuwa ile wanakijiji waliyoijua tangu zamani: kufunga eneo na kuliacha lipumzike.

Kwa nini kupumzisha kulifanya kazi? Jibu liko chini ya ardhi. Shina lilikatwa lakini mizizi ilibaki hai. Kila masika kisiki kilitoa machipukizi, na kila mwaka machipukizi yaliliwa na mbuzi au kukatwa na jembe. Mti ulionekana umekufa kumbe ulinyimwa nafasi tu. Aidha, mbegu za migunga zilikuwepo udongoni na katika kinyesi cha mifugo. Mbegu hizo zina ganda gumu. Mnyama akila tunda, tumbo lake hulainisha ganda, na mbegu hutoka tayari kuota.

Eneo likifungwa, uoto hurudi kwa hatua. Huu ndio mfuatano wa pili wa uoto. Huitwa wa pili kwa sababu udongo, mizizi na mbegu tayari vipo. Mfuatano wa kwanza huanzia mahali pasipo na udongo kabisa, kama juu ya jabali jipya au zaha iliyopoa.

Hatua ya kwanza: nyasi za mwaka mmoja na magugu. Mimea hii hukua haraka, hutoa mbegu nyingi na hufa. Kazi yake kubwa ni kufunika udongo ili matone ya mvua yasiupige moja kwa moja.

Hatua ya pili: nyasi za kudumu. Themeda, Cenchrus ciliaris na nyasi nyingine zenye mashina mengi huchukua nafasi. Mizizi yake hushika udongo, maji hupenya badala ya kutiririka, na majani yaliyooza huongeza mboji.

Hatua ya tatu: vichaka na machipukizi ya visiki. Mtundulu (Dichrostachys cinerea) huenea kwa machipukizi ya mizizi, na hufanya uzio wa miiba ambao ndani yake miche ya miti mingine hukua bila kuliwa.

Hatua ya nne: msitu wa wazi. Migunga huinuka juu ya vichaka. Miti hii ni ya jamii ya mikunde. Mizizi yake huwa na vinundu vya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Nyasi za chini ya mgunga mara nyingi hubaki mbichi kuliko zile za juani.

Jambo moja husahauliwa na watahiniwa wengi: kuhifadhi si kufunga milele. Ngitili ikifungwa kabisa miaka mingi, vichaka husongamana, mwanga haufiki chini na nyasi hupungua. Nyasi kavu zisizoliwa huwa kuni za moto mkali wa mwisho wa kiangazi, unaoua miche. Ndiyo maana utaratibu wa ngitili una nyakati mbili. Masika hufungwa, nyasi zikue na kutoa mbegu. Kiangazi hufunguliwa, kwa kawaida sehemu moja baada ya nyingine, ng'ombe wale nyasi zilizokauka ambazo zimekwisha kuacha mbegu zao. Mipaka husafishwa ili moto wa jirani usiingie. Ng'ombe yuleyule aliyekuwa adui mwezi Januari huwa msaidizi mwezi Agosti.

Jibu la swali la pili ni hili: maeneo mawili yanayopakana hutofautiana kwa sababu moja limepewa muda wa kupumzika na jingine halijapewa.

6. Matokeo

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimerejea katika vijiji zaidi ya 800, na makadirio yanayotajwa sana ni hekta 300,000 au zaidi. Unapotumia takwimu hizo kumbuka kuwa zinahusu Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla ya mwaka 2012, ulipojumuisha pia Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo sasa zipo Simiyu, na Bukombe, ambayo sasa ipo Geita.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ulikuta aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa katika ngitili zilizochunguzwa. Ulikadiria pia kwamba faida ya ngitili kwa mtu mmoja ilikuwa wastani wa dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu kijijini yalikuwa dola 8.50. Faida hizo ni kuni, nguzo, malisho, asali, dawa, matunda, uyoga, nyasi za kuezeka na maji.

Nani alilinda? Si askari wa misitu peke yake. Sheria ndogo zilipangwa katika dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na sungusungu walisaidia kuzisimamia. Aliyeingiza mifugo wakati wa kufungwa alitozwa faini mbele ya wenzake. Baadaye sheria za nchi zilitoa nguvu zaidi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 zinawezesha kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake.

7. Yanayotishia ngitili leo

(i) Kugawanywa kwa urithi. Ngitili nyingi za kaya ni hekta chache tu. Baba akifariki na watoto watano wakagawana, kila mmoja hupata kipande kisichotosha kulisha ng'ombe, na kishawishi cha kukilima huwa kikubwa.
(ii) Mkaa wa kuuzwa mijini.
(iii) Uchimbaji mdogo wa dhahabu. Wachimbaji huhitaji matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za mashimo zisiporomoke, pamoja na kuni za kupikia kambini. Mahitaji haya huigusa hasa miombo ya upande wa Geita na Kahama.
(iv) Ukosefu wa usawa. Asiye na ng'ombe hapati faida ya malisho. Asipohakikishiwa kuni, asali au sehemu ya mapato, hana sababu ya kuilinda.
(v) Ukame wa mara kwa mara, unaowalazimisha wafugaji kufungua ngitili kabla ya wakati.

Utaona kwamba katika orodha hii mvua imetajwa mara moja tu. Mengine ni maamuzi ya watu.

8. Kupima uoto: mfano wa kukokotoa

Ili kulinganisha ngitili na malisho ya wazi, nyoosha kamba kutoka kilimani kwenda bondeni. Huo ni mstari wa uchunguzi. Kwa kila umbali uliopanga, mathalani mita 20, weka kwadrati ya mita 1 kwa mita 1 na andika mimea iliyomo. Kwa miti tumia eneo kubwa zaidi, kama mita 20 kwa mita 20.

Tuseme mwanafunzi ameweka kwadrati 10 ndani ya ngitili na 10 nje. Amekuta Themeda katika kwadrati 8 za ndani na 3 za nje. Katika eneo la mita 20 kwa 20 ndani ya ngitili amehesabu miti 14. (Namba hizi ni za zoezi tu.)

Mara za kutokea ndani = 8 ÷ 10 × 100 = asilimia 80.
Mara za kutokea nje = 3 ÷ 10 × 100 = asilimia 30.
Eneo la miti = 20 × 20 = mita za mraba 400.
Msongamano wa miti = 14 ÷ 400 × 10,000 = miti 350 kwa hekta.

Tahadhari: linganisha kwadrati zilizo kwenye udongo wa aina moja. Ukilinganisha ngitili ya luseni na malisho ya mbuga, hutajua kama tofauti imeletwa na ulinzi au na udongo. Kosa hili huharibu hitimisho lote hata kama hesabu zako ni sahihi.

9. Swali la mfano na jibu

Swali: "Upandaji wa miti ndiyo njia pekee ya kurejesha uoto katika nchi kame." Jadili kauli hii kwa mfano wa Tanzania.

Muhtasari wa jibu: Anza kwa kukubali kwamba upandaji una nafasi yake, hasa pale ambapo visiki na mbegu vimekwisha kabisa, au miti inapohitajika karibu na nyumba kwa matunda na kivuli. Kisha pinga neno "pekee". Eleza kwamba Shinyanga ilirejesha sehemu kubwa ya uoto wake kwa kufunga ngitili, kwa kuwa mizizi hai na mbegu vilikuwepo udongoni. Taja hatua nne za mfuatano wa uoto. Onesha faida: gharama ndogo, aina nyingi za mimea badala ya moja, na mimea inayofaa udongo wa mahali. Taja sharti lake: makubaliano ya wanakijiji kuhusu lini kufunga, lini kufungua na nani anufaike. Hitimisha kwamba njia hufuata hali ya ardhi, kwa hiyo mhifadhi huchunguza kwanza kilichobaki hai kabla ya kununua mche.

10. Makosa ya kuepuka

• Kuandika kwamba Shinyanga ni jangwa. Ni nchi yenye ukame kiasi. Jina la jangwa lilihusu ukataji wa miti.
• Kuchanganya mfuatano wa kwanza na wa pili wa uoto.
• Kutaja mimea bila kutaja udongo wake. Jozi "mbuga na Acacia drepanolobium" ina uzito kuliko orodha ya miti kumi.
• Kumlaumu mfugaji peke yake. Taja pia ufyekaji wa kikoloni, pamba, kuhamishwa kwa makazi, mkaa na migodi.
• Kueleza ngitili kama mradi wa wafadhili. Ni desturi ya wenyeji iliyotiwa nguvu na mradi.

11. Maswali ya kujipima

1. Taja vitu vitano vinavyounda jamii ya mimea na utoe mfano mmoja wa kila kimoja.
2. Chora mteremko kutoka kilima cha graniti hadi mtoni. Onesha luseni, itogolo na mbuga, na mmea mmoja wa kila mahali.
3. Kwa nini miti ni michache kwenye mfinyanzi mweusi ingawa maji yapo?
4. Eleza jinsi mbuzi anavyoweza kuwa adui na pia rafiki wa mgunga.
5. Katika kwadrati 25, nyasi fulani imeonekana katika 15. Kokotoa mara zake za kutokea. (Jibu: asilimia 60.)
6. Ndugu wanne wamerithi ngitili ya hekta 6. Wawili wanataka kulima, mmoja anataka kuchoma mkaa, na wa nne anataka ibaki ngitili. Pendekeza makubaliano ambayo kila mmoja anaweza kuyakubali, na ueleze yatakavyoathiri nyasi, vichaka na miti baada ya miaka mitano.

Swali la 6 halina jibu moja. Litafakari kwa makini, kwa sababu wengi wenu mtakaa katika kikao kama hicho, na siku hiyo mtaulizwa mawazo yenu.